Nimeitia Sala Mahadhi ya Sinema, Mke Wangu Ameondoka

Mama Mdogo Kumud,

Nakusoma kila Alhamisi, nakusoma hata kabla ya ukurasa wa tanzia, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekaa na kalamu kukuandikia, lakini yamenifika shingoni, nishike mkono tafadhali, na unijibu kabla ya Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi maana baada ya hapo nitakuwa nimechelewa.

Jina langu ni Hayeem. Ukipenda lifiche, ingawa hapa Thane ukishasema Myahudi anayeongoza sala ambaye mkewe amekwenda Alibag, hata mpiga pasi wa mtaani kwetu atakuonyesha nyumba. Nina miaka sitini na mitatu, nimestaafu kutoka ofisi ya kiwanda cha vitambaa, na kwa miaka kumi na tisa nimeongoza sala katika sinagogi letu kila Ijumaa jioni inapoingia Sabato, bila mshahara, kwa sababu Mungu amenijalia sauti, na si mimi ninayesema hivyo, wanasema watu. Mahadhi niliyotumia miaka yote ni yale aliyonifundisha marehemu baba, naye alifundishwa na baba yake vijijini kule pwani ya Konkan. Ni mahadhi ya polepole, yana heshima zake, na kusema kweli yanaleta usingizi.

Shida yetu sisi Bene Israel, Wayahudi wa India, ni watu. Nusu ya niliokua nao wako Israeli, wako Dimona na Ashdodi, wanatupigia simu kutuuliza kama maembe yameshaingia sokoni, na sala ya pamoja haiwezi kuanza mpaka wapatikane wanaume kumi. Basi ilikuwa tunakaa tisa, tumevaa kofia zetu, tunautazama mlango kama watu wanaomsubiri fundi bomba, huku mwenyekiti wetu kaka Ezra anawahi kupiga simu kabla jua halijazama, anampigia huyu na yule, na yule anajibu yuko njiani, na ukitega sikio unasikia runinga ya sebuleni kwake.

Mapema mwaka huu Ezra akaleta jambo kwenye kikao cha kamati. Alisema ndugu zetu sehemu nyingine, Bombay na huko Israeli pia, wanaimba sala zile zile kwa mahadhi ya nyimbo za mitaani na za sinema, maneno hayaguswi hata herufi moja, kinachobadilika ni sauti tu, na watu wanarudi. Akauliza nani yuko tayari kujaribu. Mama Mdogo, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

Nikachukua wimbo wa kufungia sala, ule unaomsifu Mungu aliyetawala kabla kitu chochote hakijaumbwa, nikauvisha mahadhi ya wimbo mmoja wa sinema ya zamani. Kwenye sinema yenyewe mwigizaji wa kike amesimama kituo cha treni, mvua inamwagika, sari imemganda mwilini, mpenzi wake yuko dirishani na treni inaondoka, na kila mwisho wa kibwagizo yule mwanamke anavuta pumzi ndefu, haaai, halafu treni inapiga honi. Maneno ya sala yalikaa juu ya mahadhi yale kama kofia iliyoshonwa kwa kupimwa kichwa, isipokuwa pale penye pumzi palibaki pengo. Pengo lile nililijaza kwa kuivuta silabi ya mwisho ya jina la Mungu.

Ijumaa ya kwanza watu walishangaa. Ya pili wakaimba. Ya tatu tulikuwa wanaume kumi na saba, na akina mama kwenye ghorofa yao walikuwa wanagonga mbao kwa vidole. Ezra, mtu mzima wa miaka sabini na mmoja, mwenye kisukari, akifika penye lile pengo alikuwa anafumba macho na kuvuta pumzi kama yeye ndiye aliyeachwa kituoni. Mzee mwingine, huyu sitamtaja, alipiga honi. Nikamwonya. Ijumaa iliyofuata walipiga wawili.

Sasa nifike penyewe, maana nimezunguka sana. Kamati iliponiuliza kwa nini wimbo ule na si mwingine, nilisema nimewafikiria vijana. Mke wangu Segula aliponiuliza, nilimjibu hivyo hivyo. Lakini ukweli ni kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na miwili kulikuwa na msichana wa kwetu hapa Thane anaitwa Mozelle, baba yake alikuwa na duka la saa, na sinema ile tuliitazama pamoja mara nne, viti vya nyuma, katika ukumbi uliokuwa karibu na stesheni, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu ndiye, nilikuwa nimeshapanga hata nani nitamtuma kwa baba yake, ndipo baba yake akamwoza kwa mtu wa Pune mwenye kazi ya benki. Sikufa. Baada ya miaka mitatu nikamwoa Segula, tukamzaa Yael, tukaishi vizuri, miaka thelathini na minane sasa, mwanamke huyu hajawahi kunipa chai ya baridi.

Mozelle alirudi Thane mwanzoni mwa mwaka huu, mjane, kukaa na mwanawe. Alianza kuja sinagogi Ijumaa. Wiki tatu baadaye ndipo Ezra alipouliza nani atajaribu mahadhi mapya. Mama Mdogo, sikupanga lolote, naapa, sikutaka lolote kwa mjane wa watu, nilitaka tu aketi kule juu asikie, ajue kwamba kuna mtu anakumbuka, basi, nilitaka kitu hicho kidogo tu na nilidhani hakuna atakayejua.

Nilisahau kwamba naishi na wanawake wa Kibene Israel. Shangazi zangu walikuwa wameshamsimulia Segula habari zote za Mozelle, na za sinema, na za viti vya nyuma, kabla hina ya harusi haijakauka mikononi mwake. Ijumaa ile ya kwanza alikaa mpaka mwisho wa sala, akashuka ngazi, tukarudi nyumbani, akanipakulia samaki wa nazi. Kesho yake mchana, nimejilaza baada ya chakula, akaja akasimama mlangoni.

"Baba Yael," akasema, "harusi ya mwanao nilikuomba uniimbie wimbo mmoja tu mbele ya watu. Ulisema koo linauma."

Nikamwambia koo kweli lilikuwa linauma. Akasema anajua, akarudi jikoni.

Nikadhani yameisha. Miezi mitatu ikapita, sinagogi linajaa, watu wananishika mkono barabarani, jamaa mmoja wa Panvel alikuja na mashine ya kunasa sauti. Halafu Yael akajifungua salama mtoto wa pili huko Ashdodi, na Segula akasema tuandae malida nyumbani kumshukuru Mungu na kumkumbuka Nabii Eliya, kama desturi yetu, na nikafurahi sana maana nilijua amenisamehe. Alipika mwenyewe, akapanga sinia la mchele uliopondwa na nazi na sukari na matunda, akaalika watu ishirini. Mmoja wao Mozelle.

Tulisali, tukabariki matunda, tukala. Ilikuwa Jumapili mchana, madirisha wazi, watu wamestarehe. Segula alikuwa akipita na sahani, akasimama mbele ya Mozelle akasema kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya kumuuliza mtu kama ameongezewa chumvi:

"Dada Mozelle, wewe ni mwenyeji hapa kuliko mimi. Mahadhi haya anayoimba Baba Yael, yametoka wapi?"

Ezra aliacha kutafuna. Wale wakubwa wote waliacha kutafuna, kwa sababu kumbe wote walijua, ukumbi mzima wa sinagogi ulikuwa unajua kwa miezi mitatu, na walikuwa wanaimba hivyo hivyo. Mimi nilishika ukingo wa meza.

Mozelle alifikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. Akasema, "Si ya Pune haya? Mimi nimedhani ni ya Pune siku zote."

Mke wa Ezra akamwambia hapana, ni ya sinema fulani, akaitaja.

"Ile ya treni?" Mozelle akasema. "Niliwahi kupelekwa, sijui na nani, na binamu zangu nadhani. Nililala. Ukumbi ule ulikuwa na ubaridi wa mashine, na kwetu hatukuwa na hata feni."

Mara nne, Mama Mdogo. Nilipanga foleni ya tiketi mara nne. Nilimnunulia samosa. Mara ya tatu ilipofika pale penye pumzi aliegemeza kichwa begani kwangu, na mimi nimelibeba bega hilo miaka arobaini na mmoja kama mtu aliyepewa nishani, kumbe mwenzangu alikuwa amesinzia, na si kwamba amenikana kwa aibu mbele ya watu, aibu ningeielewa, yeye hakumbuki kabisa, sikuwepo, nafasi yangu amepewa binamu, na baada ya hapo akaomba aongezewe ndizi, akala, na mimi namtazama anavyokula ndizi nikajiuliza ni kitu gani hasa nilichokuwa nikikiimba Ijumaa zote hizo mbele ya sanduku la Torati na mikono nimeinua.

Segula alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka mpaka akaweka sahani chini na kuketi, akafuta macho kwa upindo wa sari, na watu wengine nao wakacheka kwa kuwa hawakujua wafanye nini.

Asubuhi yake nilimkuta anafunga sanduku. Nikamuuliza anakwenda wapi ilhali jana alikuwa anacheka. Akaniambia, nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Angekumbuka, ningejua nimeshindwa na mtu. Sasa nimeshindwa na sinema." Akapanda basi kwenda Alibag kwa dada yake Ketura, ambaye mumewe ana mashine ya kukamua mafuta. Leo ni wiki ya tano. Simu anapokea Ketura, ananiambia Segula yuko uani.

Shida yangu ndiyo hii. Sikukuu kubwa zinakuja, sinagogi litafurika, na kamati imepitisha kwamba siku hizo wimbo wa kufungia uimbwe kwa mahadhi yale yale, hata wameandika kwenye tangazo. Nikiyaacha, watu watauliza, na wale waliorudi watarudi kwenye runinga zao, tutakuwa tisa tena, na nani atajibu mbele ya Mungu? Nikiendelea, mke wangu harudi. Sasa niambie, je, mtu amtii mkewe au alitumikie jina la Mwenyezi? Nimefunga kula siku mbili sijapata jibu.

Wako,
Mwimbaji wa Thane

*

Bwana Hayeem,

Umeniomba nilifiche jina, nawe mwenyewe umeliandika mstari wa nne, na mkeo, na mjane, na mwenyekiti pamoja na kisukari chake. Nimeyaacha yote kama ulivyoyaandika. Kwa maelezo yako mwenyewe, mtu pekee Thane aliyekuwa hajui habari hii ni wewe.

Tuanze na kumtoa Mungu kwenye barua yako, maana umemwingiza kwa mlango wa nyuma na hana kosa. Umeuliza kama umtii mkeo au umtumikie Mwenyezi. Hakuna aliyekutaka uchague hivyo. Segula hakusema acha kusali. Wala hakusema wimbo wa sinema haufai mbele ya Torati. Mimi si wa sinagogi, mimi ni Mhindu wa mtaa wa Naupada, na nyuma ya nyumba yangu kuna hekalu ambalo kila sikukuu ya Ganesha linamwimbia mungu wetu siku kumi mfululizo, kwa vipaza sauti, mahadhi ya wimbo ambao kwenye sinema uliimbwa na mcheza ngoma wa baa aliyekalia meza ya wacheza kamari. Bibi yangu alikuwa akiuimba huku machozi yanamtoka, na machozi yalikuwa ya kweli. Mahadhi ni chombo, hutiwa utakacho. Wazee wako kumi na saba walitia sala. Wewe peke yako ndiye uliyetia kitu kingine, kisha ukawageuzia uso na kuwaambia ni kwa ajili ya vijana.

Vijana gani, Hayeem? Wimbo una miaka arobaini na mmoja. Kijana uliyemkusudia ana wajukuu na meno ya kuvaa.

Sikatai, nimekuonea huruma mahali pamoja. Mtu ana haki ya kukumbuka alivyokuwa akiwa na miaka ishirini na miwili. Ungeuimba wimbo ule bafuni, nani angekuuliza? Ungemwambia mkeo siku ile aliposimama mlangoni, "Mama Yael, ni kweli, ni upuuzi wa uzeeni, nisamehe," nadhani mngekunywa chai yakaisha. Alikuja kwako akiwa ameshika mlango wazi kwa mkono wake. Wewe ukamjibu habari za koo.

Halafu nimeisoma barua yako mara ya pili na kalamu nyekundu, kama ninavyozisoma zote. Wimbo wa Mozelle umenieleza mpaka mvua, mpaka dirisha la treni, mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Mimi ambaye sijaiona sinema hiyo sasa ningeweza kuuimba. Wimbo alioutaka Segula siku ya harusi ya mwanenu hukuutaja. Hata jina. Hata kama ulikuwa wa furaha au wa majonzi. Nimerudi nyuma mara mbili kuutafuta, haupo. Basi nadhani hukuwahi kumuuliza, na kama alikwambia, hukusikia. Kwa mtu anayejivunia sauti yake, Bwana Hayeem, masikio yako ni ya kutiliwa shaka sana.

Na lile la Mozelle kusinzia. Unataka nikuliwaze, nimeona. Siwezi. Mama wa watu alikuja kwenye ibada ya shukrani, akala ndizi, akajibu swali aliloulizwa. Hakukuomba umbebe begani miaka arobaini. Umemkasirikia mistari mingi kwa kutokukumbuka, na mkeo kufunga sanduku ukampa mistari michache. Mimi ningekuwa Segula, ningecheka vile vile, na ningepanda basi lile lile. Kushindwa na mwanamke mwenzako kuna heshima yake, unaweza hata kumchukia. Yeye amekuta mpinzani wake ni kivuli ukutani, na ndicho kilichopata sauti ambayo yeye alinyimwa.

Sasa fanya hivi, na usinipunguzie hata kimoja.

Ijumaa hii sali kama kawaida. Watu wakimaliza, kabla hawajatoka, simama uwaambie kwa mdomo wako kwa nini uliuchagua wimbo ule. Wanajua, ndiyo. Lakini wanajua kwa kunong'ona, na mnong'ono ndio uliomfukuza mkeo. Sema kwa ufupi. Usiimbe, usilie, na Mozelle usimtaje kwa jina, mwache mama wa watu na amani yake.

Halafu uwaachie mahadhi yao. Usiyafute. Hayakuwa yako ya kufuta, wanaume kumi na saba wameyachukua na wamemwonyesha Mungu kwamba wapo, tena wengine kwa honi. Lakini kuanzia siku hiyo wewe usiyaimbe. Ezra aongoze. Najua Ezra hana sauti, umenificha hilo kwa adabu lakini nimelisikia. Aongoze hivyo hivyo. Sala nyingine zote ziongoze wewe, na ikifika ya kufungia, kaa chini ufunge mdomo, usikilize watu wakiimba bila wewe. Utaumwa. Ndiyo maana nakwambia.

Jumapili asubuhi panda basi kwenda Alibag. Usipige simu kwanza, Ketura atakwambia yuko uani mpaka mwakani. Usibebe sari mpya, usibebe peremende, usimtume Yael kupiga simu kutoka Ashdodi kukuombea. Ukifika, kama yuko uani kweli, nenda uani. Mwambie ulimdanganya. Tumia neno hilo hilo, usilivishe mahadhi mengine. Halafu muulize ni wimbo gani aliutaka siku ile, na akikujibu, nyamaza mpaka amalize. Kama atakataa kukwambia, hiyo pia ni haki yake, na utakaa kwa shemeji yako kukamua mafuta mpaka atakapotaka kusema nawe.

Na kuhusu kufunga kula siku mbili: kula. Aliyekuwa anakupikia ameondoka, usiligeuze hilo kuwa uchaji.

Mama Mdogo Kumud

*

Barua iliyotufikia wiki nne baadaye, kwa mwandiko mwingine:

Dada Kumud, mimi ndiye Segula. Sikuwa na nia ya kuandika gazetini, kwenye familia yetu yupo mmoja anatosha. Lakini watu wananisimamisha sokoni kuniuliza mwisho wake, kwa hiyo nauandika mara moja niache kuulizwa.

Gazeti lako nililisoma kabla hajafika. Muuza samaki wa Alibag alinifungia samaki ndani yake, na Ketura akalikunjua akaona jina la Hayeem, akanisomea lote jikoni, na pale penye masikio alirudia mara mbili. Kwa hiyo Jumapili alipotokea, ana vumbi la basi mpaka kwenye nyusi, nilijua atakachosema neno kwa neno. Nikamwacha aseme. Alisema, "Nilikudanganya." Alisema bila kuzungusha, na mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka lakini sikucheka.

Akaniuliza wimbo. Nilimwambia. Ni wimbo wa wanawake, wa kusagia nafaka, mama yangu alikuwa akituimbia mimi na Ketura kwenye jiwe la kusagia, nao nilitaka Yael ausikie kabla hajaondoka kwenda mbali. Hayeem hakuujua. Miaka thelathini na minane, hakuujua. Alikaa siku sita. Shemeji alimpa kazi ya kubeba magunia ya nazi kavu, akabeba vibaya, mgongo ukamkamata. Jioni alikuwa anakaa kibarazani na Ketura anamfundisha ule wimbo mstari kwa mstari na kumkemea, maana aliutia madoido ya sinagogi, na Ketura akamwambia hapa hatusali, hapa tunasaga, punguza.

Siku ya sita tulimpigia Yael simu, Hayeem akamwimbia. Alikosea ubeti wa pili. Yael alilia, mimi nilikuwa nimeshughulika na mchele sikuona vizuri.

Sijasema nimesahau. Nimesema nimerudi Thane, hayo ni mambo mawili. Kuna siku namwangalia akinyoa ndevu, akianza kuimba kitu kwa pua, namuuliza hicho ni cha nani, na ananijibu haraka sana. Afadhali hivyo.

Sikukuu nilikwenda sinagogi, nikakaa mstari wa mbele kule juu. Kulikuwa na wanaume arobaini na mmoja. Mozelle alikaa pembeni yangu, akanipa pipi ya tangawizi, ni mama mzuri, tumeshazungumza habari za magoti. Ilipofika ya kufungia, Ezra akasimama akaongoza. Alianza juu mno, akapotea katikati, akaokolewa na watu. Penye pumzi walivuta pumzi wote, penye honi walipiga honi, na Hayeem alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini, amefunga mdomo kama ulivyomwagiza.

Mimi niliimba. Ni wimbo mzuri, tusidanganyane.

Segula, Thane